Waonyesheni Wanafunzi Kazi za Afya Kabla Hawajaacha Fizikia

Kwa miaka 13 nimefanya kazi katika maabara ya hospitali ya wilaya, na karibu kila mwaka huitwa shuleni kuzungumza na wanafunzi kuhusu kazi za afya. Mara ya kwanza nilikosea. Niliwaeleza vijana wa kidato cha nne habari za udaktari kwa kirefu, na nilipomaliza binti mmoja akasimama akaniuliza kama anaweza kusomea maabara ilhali Fizikia na Kemia aliziacha alipoingia kidato cha tatu. Nilimtazama nikakosa la kumwambia, kwa kuwa stashahada ya utabibu, kwa mfano, huhitaji ufaulu wa Kemia, Baiolojia na Fizikia, na maabara nayo haikwepi sayansi. Tangu siku hiyo, shule ikinialika, naomba kwanza nikutane na kidato cha pili.

Wataalamu wenzangu mnaoalikwa, msianze na orodha ya kozi. Vijana wengi wanamjua daktari na muuguzi tu, hivyo mfuateni mgonjwa mmoja. Mimi huwapa mfano wa mtoto mwenye homa: tabibu anamsikiliza mama na kuagiza vipimo, sisi tunapima damu, mfamasia anapanga dozi kulingana na uzito, mtaalamu wa lishe anamwona akiwa amedhoofu, fundi wa vifaa tiba ndiye aliyehakikisha mashine ya oksijeni inafanya kazi, na afisa afya anakwenda mtaani kutafuta mazalia ya mbu. Kufika hapo, mwanafunzi aliyedhani hospitali haina nafasi yake huanza kuuliza maswali.

Kisha waacheni waone kwa macho yao. Huwa nabeba hadubini na slaidi ya malaria, yaani kipande cha kioo chenye damu ya mgonjwa, iliyokwisha kupakwa rangi ya Giemsa. Nadondosha tone la mafuta, nashusha lenzi inayokuza mara 100, na kumwita mmoja. Husema haoni kitu. Namwambia azungushe skrubu ndogo taratibu, asiikandamize slaidi, na baada ya muda ananyamaza: amekiona kimelea cha malaria, pete nyembamba ya buluu yenye nukta nyekundu, imekaa ndani ya chembe ya damu. Sijapata hotuba inayofanya kazi kama ukimya ule.

Mkiwapeleka hospitalini, ombeni kibali cha uongozi mapema, wasiguse sindano wala sampuli, wasipige picha, na waelewe kabisa kwamba jina la mgonjwa waliloliona haliendi nao nyumbani. Ukweli wa kazi nao usifichwe. Udaktari ni miaka 5 ya chuo na mwaka 1 wa mafunzo kazini. Stashahada nyingi ni miaka 3. Zamu za usiku zipo, na sikukuu nyingine utazipitisha wodini.

Mwishoni nawagawia karatasi waandike maswali bila majina. Mengi huhusu ada, na hayo naomba mwalimu wa taaluma tuyajibu pamoja. Swali lisilokosekana ni la anayeogopa damu. Namweleza kwamba nilipomtoa mgonjwa damu kwa mara ya kwanza miguu iliniishia nguvu, mkufunzi wangu akanikalisha na kunipa maji, na asubuhi iliyofuata akanipa mrija mwingine.