Nina rovu miaka 9, naogopa kuchomwa sindano

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 41, na rovu langu lina miaka 9. Haliumi, na vipimo vya damu vimekuwa vikirudi vizuri. Mwezi uliopita picha ya ultrasaundi ilionyesha vinundu kadhaa, na daktari anataka kukichoma sindano kimoja. Wifi yangu anasema rovu likichokolewa hugeuka saratani. Nimeahirisha miadi. Mchana najifunga mtandio, usiku silali. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kukesha.

Kachomwe hiyo sindano. Haigeuzi kinundu kisicho na saratani kuwa saratani. Ni nyembamba kuliko ile ya kutolea damu, daktari huiongoza kwa picha ya ultrasaundi, huvuta chembe chache za kupimwa, na kazi huisha kwa dakika chache. Shingo inaweza kuvilia damu kidogo na kuuma siku moja mbili.

Marovu mengi hayana saratani, na takriban vinundu 9 kati ya 10 vya tezi ya thairoidi, ile ya shingoni inayovimba na kuwa rovu, si saratani. Lakini usijifariji kwa majibu ya damu. Damu inaonyesha tezi inatengeneza homoni kiasi gani, na wengi wenye saratani ya tezi hii homoni zao ziko sawa kabisa. Wala wingi wa vinundu si kinga: aliye na vingi yuko katika hatari inayokaribiana na ya mwenye kimoja. Ndiyo maana daktari amechagua kimoja. Pengine kingo zake hazijanyooka, au kina vidoa vya chokaa. Kikubwa kuliko vyote si lazima kiwe ndicho cha kutiliwa shaka.

Mweleze kama uliwahi kupigwa mionzi shingoni utotoni, au kama kuna ndugu wa damu aliyeugua saratani hii. Sauti ikikwaruza kwa wiki kadhaa, uvimbe ukikua haraka au ukawa mgumu, chakula kikikwama, au tezi nyingine zikavimba pembeni mwa shingo, usingoje tarehe ya miadi. Ukibanwa pumzi, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Na ikionekana ni saratani? Aina iliyo ya kawaida zaidi hukua polepole, na wengi wanaotibiwa mapema huishi miaka mingi. Hufanyiwa upasuaji, baadhi hupewa dawa ya iodini yenye mionzi, na walioondolewa tezi yote humeza vidonge vya homoni maisha yao yote. Si safari nyepesi, sikufichi, ila kuahirisha ndiko kunakoniogopesha zaidi.

Omba miadi mpya kesho asubuhi. Muulize daktari kwa nini amekichagua kinundu hicho, na mtafanya nini majibu yasipoeleweka, maana hutokea, na mara nyingine sindano hurudiwa. Mchukue na wifi yako. Naona hofu yake inatokana na kukupenda, basi naye akamsikie daktari kwa masikio yake.