Maswali ya Wafugaji: Mbwa Anayekula Kinyesi

Barua nyingi tulizopokea zinauliza jambo ambalo wafugaji huona aibu kulitamka mbele za watu. Tumechagua tano.

Habari za kazi daktari. Nina mbwa dume wa miezi minane, chotara wa German Shepherd, kilo 20 hivi. Akimaliza tu kujisaidia anageuka na kula kinyesi chake kabla sijafika na kizoleo. Anakula mara moja, usiku, ugali na dagaa. Tumemchapa, tumemsugua pua chini, tumenyunyiza pilipili uani. Wapi! – Msomaji, Mbezi, Dar es Salaam

Viboko viishe leo. Mbwa anayechapwa kwa ajili ya kinyesi hujua jambo moja tu: ukimkuta nacho, kuna fimbo. Basi hukimeza haraka zaidi, au huhamia nyuma ya tangi la maji kujisaidia huko. Kumkimbiza huku mnapiga kelele ni hasara vilevile, maana kwa mbwa wa umri huo ni mchezo mtamu.

Pilipili nayo mnaipoteza bure. Mwaka 2018 kundi la Benjamin Hart wa Chuo Kikuu cha California, Davis, lilichapisha utafiti uliowahoji wafugaji kwa maelfu. Asilimia 16 ya mbwa walionekana wakila kinyesi mara kwa mara, na karibu wote walipenda kinyesi kibichi, kisichozidi siku mbili. Vidonge na unga wa dukani wa kukifanya kinyesi kiwe kichungu viliulizwa pia: hakuna bidhaa iliyosaidia zaidi ya asilimia 2 ya mbwa waliopewa. Nanasi, ambalo wengine humlisha mbwa kwa nia hiyohiyo, na pilipili sisi tunaziweka kapu hilohilo.

Kinachofanya kazi ni kumnyima nafasi, kila siku, kwa wiki kadhaa mfululizo. Mbwa wengi hujisaidia dakika 15 hadi 30 baada ya kula, na tena asubuhi wanapoamka. Saa hizo asitoke peke yake. Mfunge kamba ya mita 2, mpeleke pembe ileile ya ua, wewe simama upande wa kichwa chake. Mfukoni uwe na vipande vya maini au kuku wa kuchemsha, kila kimoja kidogo kama kucha ya kidole gumba. Anaponyanyuka tu, kabla hajageuka, mwite kwa jina na umpe kipande puani, kisha piga hatua tatu nne kurudi nyuma huku anakufuata, umpe cha pili. Mtu wa pili azoe kinyesi. Ukiwa peke yako, mfunge mbwa kwanza ndipo uzoe. Wengi hukosea hapa: wanainama kuzoa mbwa akiwa pembeni, na inakuwa mashindano ya nani atawahi. Ukichelewa kumwita kwa sekunde mbili umeshindwa raundi hiyo, usimgombeze, subiri inayofuata. Mkishika ratiba vizuri, mbwa huanza kugeuka mwenyewe kukutazama akimaliza. Hapo ndipo pa kulegeza kamba, si kabla.

Ndani ya nyumba mfundishe neno «acha». Fumba kipande cha ugali mkononi, aje anuse, alambe, akwaruze, usiseme kitu. Akirudisha pua nyuma, hata kidogo, mpe nyama kwa mkono wa pili. Rudieni mara kumi, dakika tano zinatosha, asubuhi na jioni. Akishaelewa, ndipo useme «acha» kabla ya kufumba. Baadaye weka ugali sakafuni chini ya kiatu chako, kisha wazi, kisha mpite karibu nao akiwa kwenye kamba. Kile ulichomwambia aache asipewe kamwe, hata mwisho wa zoezi. Ukimpa, umemfundisha kungoja, na kinyesi nacho atakingojea.

Sasa chakula. Mlo mmoja wa usiku kwa mbwa anayekua ni njaa ya mchana kutwa, na mbwa mlafi ndiye hasa anayeangukia tabia hii. Gawa mara tatu sasa, mara mbili akifikisha mwaka. Ugali uwe chini ya nusu ya bakuli. Dona lenye pumba nyingi hupita tumboni bila kusagwa vizuri na kutoa kinyesi kingi chenye harufu ya chakula. Angalau theluthi moja iwe nyama, samaki au mayai, pamoja na kijiko cha mafuta. Dagaa waoshwe chumvi. Vitunguu visiingie kabisa. Kwa chakula kikavu cha dukani, mbwa mzima wa kilo 20 huhitaji takriban gramu 300 kwa siku, wenu zaidi kidogo kwa kuwa bado anakua. Pitisha kiganja ubavuni: mbavu zihisike bila kubonyeza, lakini zisionekane kwa mbali.

Kifunika mdomo cha wavu? Hatukipendi. Mbwa mwenye ari hukigandamiza juu ya kinyesi mpaka kipenye, na wewe ndiye utakayekiosha.

Shikamoo daktari. Mbwa wangu amezaa wiki mbili zilizopita, anakula kinyesi cha watoto wake. Nimtenge? – Msomaji, Bukoba

Marahaba. Usimtenge. Watoto wa umri huo hawawezi kujisaidia mpaka mama awalambe, na yeye husafisha kila kitu. Hupungua wanapoanza kula chakula kigumu, wiki ya tatu au ya nne; kuanzia hapo usafi wa banda ni kazi yako. Dawa ya minyoo kwa watoto ianze wakiwa na wiki mbili, irudiwe kila wiki mbili hadi wiki ya 12, na mama apewe pia. Dozi ni kwa uzito, kwa hiyo wapime.

Mbwa wetu ana miaka sita na hajawahi kula uchafu. Tangu mwezi uliopita anakula kinyesi, anadai chakula kila wakati na bado anakonda. – Msomaji, Nakuru

Huyu hahitaji mafunzo, anahitaji daktari wa mifugo wiki hii. Tabia ikianza ghafla kwa mbwa mzima, tunashuku ugonjwa mpaka vipimo vikatae. Angalieni kinyesi chenyewe: kikiwa kingi, laini, cha rangi ya manjano au kijivu na kinang'aa mafuta, huenda kongosho halitoi vimeng'enya vya kusaga chakula. German Shepherd hupata sana tatizo hili. Kipimo ni cha damu, mbwa akiwa hajala tangu usiku. Tiba ni unga wa vimeng'enya unaochanganywa kwenye kila mlo, maisha yote. Akinywa maji kupita kawaida, aangaliwe kisukari. Minyoo nayo ipimwe. Na kama alianzishiwa prednisolone kwa ajili ya ngozi, mwambie daktari: dawa hiyo huamsha njaa kali. Beba kinyesi cha siku hiyohiyo, ujazo wa kijiko cha chai, kwenye kopo lenye mfuniko.

Wangu hagusi chake, ila cha paka na cha kuku ndio sherehe yake. – Msomaji, Mombasa

Chakula cha paka kina protini na mafuta mengi, na kinyesi chake hubaki na harufu hiyo. Weka kisanduku cha mchanga anamojisaidia paka juu ya meza, au funga mlango kwa ndoano inayoacha uwazi wa sentimita 10. Usikifunike ukaelekeza tundu ukutani: paka atakisusa na kuhamia chini ya kitanda. Mchanga wa kisandukuni unaoganda ukilowa ni hatari zaidi ya kinyesi, kwani ukimezwa kwa wingi unaweza kuziba utumbo. Banda la kuku liwekewe wavu. Koksidia, vijidudu vya utumbo vya kuku, hazimwambukizi mbwa, japo zaweza kuonekana kwenye kipimo chake na kumtisha mtu bure. Bakteria wa salmonella ndio wa kuogopa.

Tuna mtoto wa mwaka mmoja na mbwa humlamba usoni. Mbwa huyu anakula kinyesi. Kuna hatari? – Msomaji, Moshi

Ipo, na kulambwa usoni kusimame. Ila hatari kubwa ya minyoo iko kwenye udongo: mayai ya minyoo ya duara yaliyotoka leo hayaambukizi bado, huhitaji wiki mbili au zaidi ardhini, kisha hukaa humo miezi mingi. Yakimezwa na mtoto, viluwiluwi vyaweza kufika hata jichoni. Kwa hiyo ua uzolewe kila siku, mtoto anawishwe kwa sabuni kabla ya kula, mbwa mzima apewe dawa ya minyoo kila miezi mitatu. Dawa ya klorini haiui mayai hayo. Maji ya moto yanayochemka kwenye saruji huyaua. Nepi zilizotumika zitupwe kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, mahali mbwa asipofika, kwa kuwa huzila pamoja na plastiki yake na upasuaji wake ni ghali.