Bustani ya mama mkwe: tuisafishe au tuiache?

SWALI: Mhariri, mama mkwe wangu analima nyuma ya nyumba yetu hapa Kadutu, Bukavu. Anapanda maharage ya rangi nyingi pamoja, anaacha lengalenga nyingine zikomae mbegu, na hakubali tung'oe magugu ya kando ya uzio. Mume wangu anataka tusafishe kote, tupande mbegu ya aina moja na kupulizia dawa. Je, ujuzi wa mama huyu una faida, au ni mazoea tu?
Msomaji, Kadutu

JIBU: Mama, ujuzi huo una faida kubwa. Kuchanganya maharage ni desturi ya siku nyingi huku Kivu na kwa majirani zetu wa Rwanda na Burundi, nayo ina sababu: aina moja huvumilia mvua nyingi, nyingine hukomaa mapema, nyingine hustahimili ugonjwa wa kuoza mizizi, hivyo msimu mbaya hauondoi chakula chote. Ua la haragwe kwa kawaida hujichavusha lenyewe, kwa hiyo kila aina hubaki ilivyo hata ikipandwa katikati ya nyingine. Kinachoilinda isipotee ni mkono wa anayechagua mbegu. Siku mkono huo ukiacha, aina hiyo imekwisha hapo kwenu, na huenda hata jirani hana.

Maboga, kama mnayo bustanini, ni habari nyingine. Yatazameni asubuhi mapema: ua dume limesimama juu ya kikonyo chembamba, ua jike lina kiboga kidogo chini yake, na chavua ni nzito na yenye kunata, upepo hauwezi kuipeleka. Lazima nyuki waibebe, tena kabla ya mchana, kwa sababu maua hayo hufunga mapema. Yale magugu ya kando ya uzio, yakichanua, huwalisha nyuki wakati ambao maboga hayana ua, na ndiyo maana namuunga mkono mama mkwe wako.

Mume wako naye ana hoja: magugu yaliyo katikati ya maharage hunyang'anya mimea chakula, yaondoeni. Dawa ningewasihi muiache. Ikilazimu kabisa, ipulizwe jioni, maua ya maboga yakiwa yamefunga, na isiguse lengalenga mnazochuma kwa kula.

Mkataba wa Bioanuwai wa mwaka 1992, ambao nchi yetu ni mwanachama wake, unazitaka serikali, katika kifungu cha 8(j), kuheshimu na kuhifadhi ujuzi wa jamii za wenyeji. Ujuzi huo mnao nyumbani. Kabla ya msimu ujao, mketi naye wakati anachambua mbegu, awatajie kila aina kwa jina lake, inapenda udongo gani na huiva lini, nanyi muandike. Kisha kila aina ikaushwe vizuri, ichanganywe na majivu makavu kuzuia fukusi, na kufungwa katika chupa yake.