Dume mgeni akiingia kundini: kwa nini anaua watoto, na majike wanafanya nini

Mkuu, umeuliza kwa nini simba dume akiteka kundi jipya anaua watoto anaowakuta, na kwa nini mama zao "wanamwangalia tu". La kwanza ni suala la muda. La pili si kweli kabisa: majike wanapambana sana, ila sehemu kubwa ya mapambano yao hufanyika kabla dume hajafika.

Kwanza tuelewane kwamba kundi la simba ni la majike. Bibi, mama, dada na mabinti kwa kawaida huzaliwa, huzaa na hufia katika eneo lile lile. Madume ni wapitaji. Kijana wa kiume huondoka au hufukuzwa akiwa na miaka 2 hadi 4, huzurura na kaka zake au na mwenzake aliyekutana naye huko huko porini, na wakishapata nguvu hunyang'anya kundi la wengine. Kwa kawaida hulishika kwa miaka 2 hadi 4 tu, nao wanaondolewa. Muungano wa madume wanne hudumu kuliko wa wawili, na dume anayetembea peke yake hana nafasi kubwa.

Sasa piga hesabu. Mimba ya simba ni siku 110 hivi. Jike anayelea hashiki mimba nyingine mpaka watoto wakaribie umri wa kujitegemea, ndiyo maana kati ya uzao mmoja na mwingine hupita kama miaka 2. Akiwapoteza watoto, anarudi kwenye joto (anakuwa tayari kupandwa) ndani ya siku au wiki chache. Dume mgeni akisubiri watoto wa mwenzake wakue, atang'olewa kabla wa kwake hawajaweza kujitetea. Kwa hiyo wachanga huuawa karibu wote, na waliofikia mwaka mmoja au zaidi hufukuzwa. Kule Serengeti, ambako utafiti ulioanzishwa na mtaalamu wa wanyama George Schaller mwaka 1966 umeendelea kwa miongo mingi, karibu robo ya vifo vya watoto wa simba vimehusishwa na madume wageni.

Ulinzi wa mama huanza siku ya kuzaa. Anajitenga na wenzake, anazalia kwenye miamba, korongo au kichaka kizito, na anawaficha watoto kwa wiki 6 hadi 8. Kila baada ya siku chache huwahamisha, mmoja mmoja, akiwabeba kwa mdomo. Akiwarudisha kundini, majike waliozaa kipindi kimoja huchanganya watoto wao na kulea pamoja, hata kunyonyesha wa mwenzake. Wengi hudhani hiyo ni kwa ajili ya kugawana maziwa. Faida kubwa ni ulinzi: dume humzidi jike uzito kwa karibu nusu, hivyo mama mmoja hashindi, lakini wawili au watatu wakimvamia kwa pamoja mara nyingine dume hukimbia.

Wanatumia masikio pia. Mtafiti Karen McComb na wenzake waliwachezea majike wa Serengeti sauti za ngurumo kwa spika. Waliposikia baba wa watoto wao hawakujali. Waliposikia madume wageni waliwakusanya watoto na kuondoka. Kwa majike wageni walipima hata idadi: sauti ya mmoja waliifuata kwa ujasiri, za watatu walizikaribia kwa tahadhari zaidi.

Na jike anayeonekana akipandana na muuaji wa watoto wake si kwamba "amesahau". Simba hupandana kwa siku nne hivi, kila baada ya dakika 20 au 30, lakini baada ya kundi kutekwa majike hupitisha miezi kadhaa wakipandana bila kushika mimba. Kipindi hicho madume wengine huvutwa na kugombania kundi, na wanaobaki mwisho ndio wenye nguvu ya kulinda watoto watakaozaliwa.

Ukiwa porini, usiseme kundi limetekwa kwa sababu tu umeona dume mwenye kovu jipya. Tazama matiti: jike mwenye maziwa na hana watoto hata baada ya siku kadhaa ni dalili nzito. Angalia pia kama vijana wa mwaka mmoja au miwili wamehamia pembezoni na jike mmoja au wawili. Mara nyingi ni mama zao wanaowaepusha. Na usimtambue dume kwa manyoya ya shingoni, maana yanabadilika rangi na wingi. Piga picha pande zote mbili za uso, ulinganishe vitone vya safu ya juu ya masharubu. Hivyo havibadiliki maisha yake yote.

Hapa ndipo uwindaji wa kitalii unapoleta madhara usipopangwa vizuri. Dume wa miaka 4 aliye na kundi akipigwa risasi, hafi peke yake: wageni wanaingia, na watoto wake wachanga wanakwisha ndani ya muda mfupi. Ndiyo maana Tanzania iliweka miaka 6 kuwa kigezo cha umri wa dume anayewindwa, kwa kuwa wa umri huo angalau amepata nafasi ya kukuza uzao mmoja. Wawindaji hukadiria umri kwa pua, ambayo kwa kijana ni ya waridi na hujaa weusi kadiri anavyozeeka, lakini kwa mbali na kwenye mwanga hafifu ni rahisi kukosea. Ukiwa na shaka, mwache apite.