Bodi inaonekana Windows, Ubuntu ya ndani haioni: nilivyohangaika mpaka ikakubali

Mkuu, nimekusoma. Una Windows 11, ndani yake umeweka Ubuntu (aina ya Linux) kwa WSL, ile nyenzo ya Microsoft ya kuendesha Linux ndani ya Windows. Ukichomeka bodi ya ESP32, kile kibao kidogo cha kielektroniki unachokipakia programu kwa USB, Windows inaiona vizuri, ila lsusb, amri ya kuorodhesha vifaa vya USB, kule Ubuntu haionyeshi kitu. Unasema umeshaifuta Ubuntu na kuiweka upya mara mbili. Usiifute tena, haina kosa.

Mimi niko Tanga, Ngamiani, natengeneza simu na kompyuta. Mjomba wangu ananunua samaki pale Deep Sea, akanitaka nimtengenezee kidubwasha cha kumwonyesha joto ndani ya masanduku yake ya barafu. Nikaagiza ESP32 na sensa ya joto ya DS18B20, zile zenye kichwa cha chuma zisizoogopa maji. Nikakwama hapohapo ulipokwama wewe.

Kilichonipoteza ni video za zamani. Zinasema bodi ikiwa COM5 kwa Windows (COM ni jina ambalo Windows inaupa mlango wa kuzungumza na bodi), Ubuntu itaiita /dev/ttyS5. Nililala saa tisa usiku nikiitafuta hiyo ttyS5. Kumbe maneno hayo ni ya WSL 1, ambayo haikuwa na Linux kamili. Windows ndiyo iliyokuwa ikitafsiri maombi ya programu za Linux, kwa hiyo COM zake zilipita. WSL 2, iliyotangazwa 2019, ni kerneli halisi ya Linux, yaani moyo wa mfumo wenyewe, inayokaa ndani ya mashine pepe, kompyuta iliyotengenezwa kwa programu tu, na mashine hiyo haina tundu la USB hata moja. Unachomeka kwa Windows, na kinabaki kwa Windows.

Njia inayotumika ni programu ya bure iitwayo usbipd-win. Inachukua mazungumzo ya kifaa na kuyapitisha kwa mtandao wa ndani, mlango wa TCP namba 3240, na Linux inayapokea kama vile kifaa kimechomekwa kwake. Yaani huchomeki, unaazimisha. Sisi watu wa Tanga mambo ya kuazimana baiskeli tunayajua: baiskeli ni moja, ukishampa jirani unatembea kwa miguu mpaka airudishe. Shika hilo, makosa mengi utakayokutana nayo yatajieleza.

Fungua PowerShell kama msimamizi:

winget install --interactive --exact dorssel.usbipd-win

Funga dirisha, fungua jingine, bado kama msimamizi:

usbipd list

Kwangu ilitoka 2-3, kisha 1a86:7523, ambayo ni chipu ya CH340 inayoiunganisha bodi na USB, na mwishoni Not shared (haijaazimishwa). Hiyo 2-3 ndiyo busid, namba ya mahali kifaa kilipochomekwa. Sasa kubali kuiazimisha:

usbipd bind --busid 2-3

Acha dirisha la Ubuntu wazi, maana WSL ikilala hakuna wa kupokea, halafu:

usbipd attach --wsl --busid 2-3

Rudi Ubuntu, andika lsusb (ikikosekana, sudo apt install usbutils), kisha dmesg | tail, inayoonyesha ujumbe wa mwisho wa kerneli. Ukiona mstari unaosema ch341-uart (draiva ya hiyo CH340) imeunganishwa na ttyUSB0, jina la bodi yako ndani ya Linux, umemaliza kazi kubwa. Maelekezo yakikuambia uandike "usbipd wsl attach", au uweke linux-tools kwanza, ni ya kabla ya toleo la 4. Yaache.

Sasa makosa niliyoyapata mimi, maana sikumaliza kirahisi hivyo.

La kwanza ni aibu tupu: waya. Siku moja bodi haikuonekana popote, hata Windows. Nilikuwa nimechukua waya wa kuchajia simu, ule usiopitisha data. Kwa hiyo kabla hujailaumu Linux, hakikisha usbipd list inakionyesha kifaa. Kisipokuwepo pale, tatizo liko kwenye waya, tundu au draiva ya Windows. Na huku pwani chumvi inakula matundu, yakague.

La pili, attach ilikataa ikidai kifaa kinatumiwa na Windows. Nilikuwa nimeliacha dirisha la Arduino wazi limeshikilia COM5. Ni jirani kaja kuazima baiskeli nawe bado umeipanda. Nikalifunga, ikaenda. Kuna --force kwenye bind, lakini ukiitumia Windows yenyewe haitakipata kifaa hicho mpaka ufanye unbind. Sikushauri kuanzia huko.

La tatu lilinila siku mbili: attach inaganda, kisha inakata tamaa. Antivairasi ya kulipia iliyokuja na ile kompyuta ilikuwa na faiawoli yake, ikaziba 3240. Nikauruhusu mlango huo, mambo yakaenda.

La nne, ttyUSB0 ipo lakini unaambiwa huna ruhusa. Usizoee kuweka sudo kila mahali. Jiingize kwenye kundi la dialout, lenye ruhusa ya kutumia milango hiyo:

sudo usermod -aG dialout $USER

kisha wsl --shutdown kutoka Windows, na uanze upya. Utafanya attach tena.

Hiyo attach ndiyo inayochosha. Bind inakumbukwa hata ukizima kompyuta, attach haikumbukwi. Betri yangu imekufa, umeme ukikatika tu naanza moja. Ukichomoa waya vilevile. Ongeza --auto-attach mwisho wa amri na uache dirisha hilo wazi, itakirudisha chenyewe. Kwa bodi kama ESP32-S3 inayotumia USB yake yenyewe na kupotea kila inapojiwasha upya, bila hiyo utachanganyikiwa. Na usihamehame matundu: busid inabadilika, na CH340 nyingi hazina namba ya utambulisho, hivyo utatakiwa kufanya bind upya.

Kama ni flashi tu unataka kusoma mafaili, huhitaji yote haya. Windows ikiipa herufi E, tengeneza folda ya /mnt/e kisha andika sudo mount -t drvfs E: /mnt/e. Na kama shida yako ni kupakia programu kwenye bodi basi, esptool, zana ya kupakia programu kwenye ESP32, inafanya kazi moja kwa moja Windows kwa COM5. Mimi nilihitaji Linux kwa sababu zana zangu zote ziko huko.

Ikigoma bado, anza na wsl --update, kerneli inatakiwa iwe 5.10.60.1 au zaidi. Kisha bandika hapa majibu ya usbipd list, wsl --version na dmesg | tail. Usiandike "haifanyi kazi" peke yake.