Ndoto za Kujitambua: Zije Mara Ngapi?

SWALI: Mhariri, kwa muda sasa najizoeza kuota huku nikijua kwamba naota. Daftari la ndoto halitoki kando ya mto, na kengele ya simu huniamsha saa nane usiku ili nijikariri maneno ya kunikumbusha kabla sijalala tena. Hata hivyo ndoto hizo hunijia mara moja kwa mwezi, pengine mara mbili. Mbona wengine husema wanazipata kila usiku?
Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Ndugu msomaji, kiwango chako si kibaya hata kidogo. Daktari na mwandishi Mholanzi, Frederik van Eeden, aliyekuwa na bidii kama yako, aliandika ndoto 352 za aina hiyo kati ya 1898 na 1912, yaani wastani wa takriban mbili kwa mwezi. Stephen LaBerge wa Chuo Kikuu cha Stanford alipita 20 katika baadhi ya miezi, lakini huyo aliyafanya mazoezi haya kuwa kazi ya utafiti wake. Hao wa kila usiku, nashuku, hawahesabu siku walizoamka mikono mitupu.

Ninachokitilia shaka ni saa zako. Ndoto hizi hutokea zaidi katika awamu ya usingizi ambapo macho huchezacheza chini ya kope, nayo awamu hiyo hurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia. Anayelala saa tano usiku, akaamka saa nane kukariri, kisha akaondoka kitandani saa kumi na moja ili awahi matatu ya mjini kabla ya msongamano wa Jogoo Road, amejiamsha mapema mno na bado amelikata fungu nono la ndoto. Katika utafiti wa Denholm Aspy uliochapishwa 2017, walioamka baada ya saa tano za usingizi na kukariri azimio lao walifaulu katika takriban asilimia 17 ya majaribio, ilhali waliosinzia tena ndani ya dakika 5 walikaribia asilimia 46.

Kwa hiyo zima kengele siku za kazi, ambazo usingizi wako ni mfupi tayari, na ufanye zoezi usiku wa kuamkia Jumapili: amka saa kumi, kariri bila kufungua simu, kisha ulale hadi jua litoke.