Kabla Hujaanzisha Jarida la Wachora Tatuu

Ukitaka kuanzisha jarida la wachora tatuu peke yao, yaani watu wanaolipa kodi ya nyumba kwa mashine na sindano, jambo la kwanza kuamua ni nani hatalisoma. Najua wengi huanzia kwenye jina na jalada, na jalada la jarida la tatuu linavutia kulifikiria. Liache kwanza. Miaka niliyokaa kwenye meza ya uhariri ya jarida la aina hii imenionyesha kwamba kila swali gumu, liwe la picha, la matangazo, la bei au hata la karatasi, huwa jepesi pale msomaji anapojulikana kwa hakika.

Marekani, miaka ya 1980, majarida ya tatuu yalianza kuonekana kwenye vibanda vya magazeti, mengine yakitolewa na kampuni zilezile zilizochapisha majarida ya waendesha pikipiki. Msomaji wake alikuwa mteja. Alitaka kuona mgongo uliojaa michoro, akate ukurasa, aende nao studio na kusema, "Nichoree hii hii." Kwa mchoraji aliyebuni mchoro ule, ukurasa huo ulikuwa hasara. Miaka hiyohiyo, mwaka 1982, mchora tatuu Don Ed Hardy alianza kutoa Tattootime, lililochimba historia na mitindo ya fani kwa kina ambacho vibanda havikukizoea. Yalitoka matoleo matano tu, na hadi leo wachoraji huyatafuta. Amua mapema utakuwa upande gani, kwa sababu katikati hapakaliki. Ukimwandikia mteja na fundi kwa pamoja, fundi atanyamaza.

Na fundi akinyamaza huna jarida. Mtu aliyetumia miaka kujifunza kujaza weusi bila kuichana ngozi hatakueleza anavyofanya ikiwa kesho maelezo yake yatasomwa na kijana aliyeagiza mashine mtandaoni na anamchora rafiki yake chumbani. Zamani wauzaji wa vifaa huko Marekani walikuwa wakikataa kumuuzia sindano mtu asiye na studio. Mlango huo umeshavunjika. Mashine na wino sasa vinafika kwa kifurushi popote, Tabata au Kayole. Kilichobaki kulindwa ni maarifa, na wewe unaomba kuaminiwa nayo.

Kwa hiyo jarida lako lisikae kibandani wala supamaketi. Liende kwa jina la mtu, na mtu huyo awe amehakikiwa. Omba leseni ya biashara ya halmashauri au kaunti, lakini usiishie hapo, maana utakuta studio nzuri imesajiliwa kama saluni, na utakuta mchoraji hodari anayekodi kiti kwa mwenzake bila karatasi yoyote yenye jina lake. Ninachokiamini zaidi ni picha ya meza ya kazi kabla mteja hajakaa. Meza inasema mengi: kama kuna kopo gumu la kutupia sindano, kama mashine na waya wake vimevishwa plastiki, kama wino umemiminwa kwenye vikombe vidogo vya kutupa au sindano inachovywa kwenye chupa moja kwa moja. Anayechovya kwenye chupa hajafika bado. Mwambie hivyo kwa heshima, mweleze cha kurekebisha, mkaribishe aombe tena. Baadhi ya wasomaji waaminifu niliowahi kuwaona waliingia orodhani kwa ombi la pili.

Ukiwa Mombasa, Unguja au Dar utaulizwa pia kuhusu wachora hina na piko. Wao ni mafundi, na baadhi yao huwashinda wachora tatuu kwa wepesi wa mstari. Ila hawatoboi ngozi, na jarida lako ni la wanaotoboa. Mimi ningewaacha nje ya orodha ya wasomaji na kuwaweka ndani ya habari, kwa sababu iliyo wazi: ile piko nyeusi wanayochorwa watalii ufukweni mara nyingi ina PPD, kemikali ya dawa za kutia nywele weusi, ambayo huweza kuunguza ngozi na kumwachia mtu mzio wa maisha. Mteja akija studio akiwa na kovu la malengelenge lenye umbo la ua, mchoraji anapaswa kujua anachokitazama na kuuliza maswali kabla ya kuwasha mashine.

Sasa ndani uweke nini? Picha peke yake hazitoshi tena. Tangu Instagram ilipoanza mwaka 2010, mchoraji wa Arusha anaona kazi za Tokyo na São Paulo kabla hajanywa chai. Ukikusanya picha nzuri na kuzichapa, unamuuzia alichokwishakiona bure. Unachoweza kumpa ni jinsi kazi ilivyofanyika, na hapo mhariri lazima atoke ofisini.

Mafundi wengi hawajazoea kueleza wanachokijua. Muulize mchoraji mstari wake unatokaje safi namna ile, atakujibu, "Naisikia tu mkononi." Usichapishe jibu hilo. Kaa pembeni yake akichora. Uliza kifungu kina sindano ngapi, saba au tisa; kila moja ina unene gani, milimita 0.30 au 0.35, mashine ni ya koili, inayopigwa na sumaku ya umeme, au ya rotari, inayozungushwa na mota, imewekwa volti ngapi, mkono usioshika mashine unaivuta ngozi kuelekea wapi. Kisha mwombe achore mistari miwili kwenye ngozi bandia ya mazoezi, volti zilezile, mmoja kwa mkono wa haraka na mwingine polepole. Wa haraka utatoka na mapengo, wa polepole utanenepa, na hapo yeye mwenyewe ataanza kuzungumza, kwa kuwa kuna kitu cha kuonyesha kwa kidole. Atakwambia wino unatakiwa ukae kwenye tabaka la pili la ngozi, kina cha kama milimita moja na nusu hadi mbili, na kwamba ukizama zaidi unasambaa na kuacha ukungu wa kibluu pembeni mwa mstari. Atakwambia ngozi ya ndani ya mkono ni nyembamba kuliko ya paja na kwamba anapunguza uzito wa mkono akifika hapo. Hayo ndiyo makala. Mrudishie ayasome kabla hujachapa, neno kwa neno.

Suala la ngozi nyeusi ndilo linaloweza kulipatia jarida la kwetu sababu ya kuwepo. Melanini iko kwenye tabaka la juu na wino uko chini yake, kwa hiyo kila rangi huonekana kupitia rangi ya mwenye ngozi, kama kitambaa kinachotazamwa kupitia kioo cha kahawia. Njano na pinki hafifu huzama. Keloidi, yale makovu yanayovimba kuvuka mipaka ya kidonda, huwapata zaidi watu wenye asili ya Kiafrika, na mchoraji anayeukandamiza mkono ili "rangi itoke" huongeza hatari hiyo kwa mteja wake. Mchoraji wa Nairobi au Mwanza anafanya kazi na ngozi hii kila siku. Mpe kurasa nyingi. Akieleza anavyoacha nafasi wazi kati ya maumbo ili ngozi yenyewe iwe rangi mojawapo ya mchoro, usimkatize kwa sababu kurasa zimejaa. Punguza kitu kingine.

Picha zake zitakusumbua. Tatuu ya leo ina uvimbe, wekundu na mng'ao wa mafuta, na ukiichapa hivyo unamwonyesha msomaji kitu ambacho hakitakuwepo mwezi ujao. Weka sharti: picha ya siku ya kwanza iende pamoja na picha ya tatuu iliyopona, na iliyopona ipewe ukubwa zaidi. Mng'ao wa ngozi huondoka ukiweka kichujio cha polarizesheni kwenye taa na kingine kwenye lenzi, kisha ukazungusha cha lenzi polepole mpaka weupe ule ufifie. Kwenye kiwanda cha uchapaji ni vita vingine. Kahawia iliyoiva hutengenezwa kwa kurundika wino wa rangi nne, na ukijumlisha asilimia za rangi zote nne zikazidi sana 300 kwenye karatasi ya kung'aa, mkono wa mtu unageuka tope na mstari mweusi unapotea ndani yake. Wapiga chapa wa River Road au Kariakoo wanaochapa kadi za harusi ni wepesi na bei yao ni nzuri, lakini waulize kwanza kama watakupa prufu, yaani nakala ya majaribio, kwenye karatasi ileile ya kazi. Sisi tuliwahi kumpeleka mwenye mkono uliokuwa pichani kiwandani, tukauweka kando ya prufu karibu na dirisha, na fundi wa mashine akapunguza nyekundu mwenyewe bila kuambiwa. Ukipata fundi wa namna hiyo usimwache kwa sababu ya shilingi mia kwa nakala.

Kurasa za afya zihaririwe kwa ukali kuliko zote. Mwaka 2011 na 2012, huko Rochester katika jimbo la New York, watu 19 walipata maambukizi ya ngozi kutokana na wino wa kijivu uliouzwa ukiwa umeshazimuliwa. Bakteria aliyehusika, Mycobacterium chelonae, huishi majini, na lawama ziliangukia maji ya kukeneka, jamii ya yale yanayotiwa kwenye betri za magari, ambayo yanaonekana safi lakini si tasa. Fikiria sentensi moja katika jarida lako inayosema "zimua kwa maji ya kukeneka". Ingewafikia wachoraji wako wote kwa wiki moja. Ni hivyohivyo kwa otoklevu, mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke: nyuzi 121 za Selsiasi zinahitaji angalau dakika 15 tangu joto lifikiwe, nyuzi 134 angalau dakika 3, na tarakimu ikiruka mstari mtu anaweza kuugua homa ya ini. Kila namba ipitiwe na mchoraji mzoefu na mtu wa afya anayeshughulika na udhibiti wa maambukizi, na wote wawili watie sahihi. Jiji la New York lilipiga marufuku tatuu mwaka 1961 kwa hofu ya homa ya ini, na marufuku ikadumu hadi 1997. Fani yetu ikilegea kwenye usafi, mamlaka hazitachagua nani alikuwa msafi.

Matangazo yatakulisha, na yatakujaribu pia. Muuzaji wa kwanza kukupigia simu huenda akawa yule wa vifurushi vya kuanzia, mashine na sindano na chupa saba za wino ndani ya kisanduku kimoja, kwa yeyote mwenye pesa. Mkatalie. Msomaji wako akilikuta tangazo hilo ataona umemfungulia mlango mtu anayemharibia kazi. Kwa muuzaji wa wino, omba chupa yenyewe mkononi: ina namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi, majina ya rangi zilizomo? Umoja wa Ulaya ulianza kudhibiti zaidi ya kemikali 4,000 katika wino wa tatuu tarehe 4 Januari 2022, na rangi za buluu na kijani ziitwazo Blue 15:3 na Green 7 zikafuata Januari 2023. Wino usiouzika kule unaweza kutafuta soko huku, kwa hiyo uliza chupa imetengenezwa lini.

Hesabu ya nakala ni fupi. Tuseme usanifu na pleti za kuchapia ni shilingi 1,200,000 na kila nakala inakula 3,000 za karatasi na wino. Nakala 200 zinakugharimu 9,000 kila moja. Nakala 1,000 zinashuka hadi 4,200, na mpiga chapa atakushawishi uchukue elfu. Kama orodha yako ina watu 240 waliohakikiwa, chapa 260. Mweleze mtangazaji idadi hiyo bila kuikuza. Watu 240 wanaonunua sindano kila mwezi ni soko ambalo muuzaji yeyote mwenye akili analitaka. Kurasa zigawanyike kwa nne ukitumia pini, na 32 zilizojaa zinatosha.

Tuma kwa basi, kwenye bahasha isiyo na picha wala jina la jarida. Pwani kuna wachoraji ambao wazee wao wanaihesabu kazi hii kuwa haramu, na kifurushi hupokelewa na yeyote aliye nyumbani. Wateja nao walindwe. Kila picha iwe na ridhaa ya maandishi ya mwenye mwili, hata kama uso hauonekani, kwa sababu mama humjua mwanawe kwa kovu la goti. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ina yake ya 2022. Soma ya nchi yako kabla hujatengeneza fomu.

Matoleo manne kwa mwaka yanatosha kabisa kuanzia. Wachoraji hukubali kuandika haraka na kuleta polepole, maana jioni wanachora, na Desemba hawapatikani kabisa kwa sababu ya wageni na sikukuu. Toleo la kwanza lisiende kiwandani mpaka makala za la pili ziwe zimehaririwa na picha za la tatu ziwe zinasubiri kupona.